Jogoo Mzito, Mayai Matupu: Kutafuta Chanzo cha Uzazi Hafifu kwa Kuku wa Nyama

Ukimulika mayai siku ya saba na kukuta nusu yake yanapitisha mwanga bila hata mshipa mmoja, usianze kwa kumpigia simu fundi wa mashine ya kuangulia. Yai la namna hiyo ama halikupata mbegu ya jogoo kabisa, ama lilipata na kiinitete kikafa mapema mno, kabla mishipa haijajitokeza. Tochi haiwezi kuyatenganisha hayo mawili, na tiba zake hazifanani. La kwanza linakupeleka kwa jogoo. La pili linakupeleka kwenye hifadhi ya mayai, au kwenye damu ya wazazi wote wawili, yaani urithi wao.

Mwongozo huu ni wa wafugaji wa kuku wazito wa nyama huku pembezoni mwa Nairobi, Ruai, Mwiki, Uthiru, Dagoretti, wanaotaka kuangua vifaranga wao wenyewe badala ya kununua kila msimu. Nauandika kwa sababu naona wengi wakipoteza pesa kwa jambo moja: wanachagua wazazi kwa mizani. Kuku mzito kuliko wote anabakizwa, wengine wanapelekwa City Market. Uzito unarithika vizuri na mtu anauona kwa macho. Uzazi haurithiki kwa urahisi hivyo, na haujionyeshi. Tena mambo haya mawili huvutana ndani ya kuku mmoja: ukivuta uzito juu kizazi baada ya kizazi bila kuangalia kingine, uwezo wa kutaga na kurutubisha unashuka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwahi kufuga pamoja kuku wa nyama wa enzi tatu, wote kwa chakula kimoja. Siku ya 56, aina ya mwaka 1957 ilikuwa na wastani wa gramu 905, ya 1978 gramu 1,808, na ya 2005 gramu 4,202. Tofauti yote hiyo ilitokana na uchaguzi wa wazazi. Kampuni zinazozalisha kuku hawa zinaijua gharama yake kwenye uzazi, ndiyo maana hazitegemei ukoo mmoja. Zina ukoo wa upande wa baba, unaochaguliwa kwa ukuaji na minofu ya kifua, na ukoo wa upande wa mama, ambao pamoja na ukuaji unachaguliwa kwa idadi ya mayai na uanguaji. Mfugaji anayebakiza jogoo wake mzito na kumwachia mitetea wazito anaunganisha koo hizo bila kujua, kisha anashangaa.

Tatizo linamfuata kuku au linabaki bandani?

Kabla ya kuisema damu, fanya jaribio hili. Ukiwa na makundi mawili, moja linaangua vizuri na jingine vibaya, badilisha majogoo: wa huku waende kule, wa kule waje huku. Kisha ngoja wiki tatu kabla ya kuhesabu chochote. Mtetea ana vijifuko vidogo ndani ya njia ya uzazi vinavyohifadhi mbegu, na anaweza kuendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa na jogoo wa zamani kwa wiki mbili hadi tatu baada ya kuachana naye. Usipongoja, utamhukumu jogoo mpya kwa kazi ya mwenzake.

Baada ya hapo soma matokeo. Mayai matupu yakihama pamoja na majogoo, chanzo ni wao. Yakibaki palepale, angalia banda: mwanga, chakula, viota, msongamano. Na kama ni mtetea yuleyule ambaye mayai yake hufa kila anapowekewa jogoo yeyote, basi ni yeye. Hilo la mwisho huwezi kuligundua bila kujua yai limetagwa na nani. Kuna viota vyenye mlango unaojifunga kuku akiingia, lakini anayevitumia lazima awe nyumbani kuwafungulia. Wenye kazi mjini wagawe vyumba vidogo kwa waya, mitetea watano sita na jogoo mmoja kila chumba, na waandike herufi ya chumba kwenye yai kwa penseli. Kalamu ya wino iache.

Nasisitiza jaribio hili kwa sababu ndilo linaloamua yote yanayofuata. Nimesikia watu wakiuza majogoo wazuri kwa sababu ya taa iliyoungua.

Mayai matupu

Chukua mayai machache ya leo, ambayo hayajaingia kwenye mashine, uyapasue kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Mara nyingi kiini hujigeuza chenyewe hata doa lake jeupe likaja juu. Lisipokuja, kigeuze taratibu kwa kijiko. Yai lisilorutubishwa lina doa dogo lililokazana, jeupe pepe, lenye kingo zisizo sawa, upana wake kama milimita mbili. Lililorutubishwa lina doa pana zaidi, milimita tatu au nne, la mviringo safi, na katikati kuna eneo linaloonekana wazi kidogo likizungukwa na pete nyeupe. Ukishaliona mara moja hutalikosea tena. Yale uliyoyatoa kwenye mashine siku ya saba nayo yapasue: tupu la kweli bado lina kile kidoa kidogo, ilhali lililokufa mapema lina utando mweupe uliotanda juu ya kiini.

Yakiwa matupu kweli, sasa mtazame jogoo, na uanze na miguu. Jogoo mwenye kidonda kwenye nyayo au vidole vilivyopinda hapandi vizuri, hata awe na mbegu bora namna gani. Kisha kifua. Minofu mipana tuliyoitaka kwa ajili ya meza inamzuia kufikisha tundu lake kwa la mtetea. Utamwona anapanda, anahangaika, anateremka bila kukamilisha. Majogoo wazito huzidiwa hasa wakivuka wiki 45 hivi, kwa sababu wanaendelea kunenepa wakila chakula kimoja na mitetea. Dawa yake ni kuwalisha mbali mbali. Mwambie fundi wa Kamukunji awekee chombo cha mitetea wavu ambao kichwa kipana cha jogoo hakipiti, na chombo cha jogoo ukining'inize juu ambako mitetea hawafiki. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi kuliko anayohitaji jogoo.

Mnyanyue mkiani. Jogoo anayefanya kazi ana tundu jekundu, lenye unyevu. Likiwa limefifia na kukauka, hapandi. Mwenye mikono iliyozoea anaweza kumkamua shahawa kwa kumpapasa mgongo kuelekea mkiani huku mwenzake amemshika. Inatakiwa iwe nyeupe na nzito kama maziwa. Ikiwa ya majimaji, ya manjano au yenye damu, mtoe. Ni jambo la kujifunza kwa daktari wa mifugo, si la kujaribu peke yako mara ya kwanza, maana jogoo huumizwa kwa kukamuliwa vibaya.

Kuna pia hesabu ya majogoo. Kwa kuku wazito majogoo 8 hadi 10 wanatosha mitetea 100. Wakizidi wanapigana na kuwachuna mitetea manyoya ya mgongoni, na mitetea waliochunwa huanza kujificha. Tahadhari nyingine: jogoo mkuu wa kundi akiwa hana mbegu, anaweza kuwazuia wenzake wenye mbegu wasipande. Banda zima litaonekana gumba kwa sababu ya mmoja.

Miguu ikiwa mizima, uzito ukiwa wa wastani, na bado mayai matupu yanamfuata, ndipo useme ni damu. Na hapa kuna jambo moja ambalo wachache wanalijua. Angalia upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani. Upanga wa kawaida umesimama na una meno. Upo mwingine ulio bapa, umejaa vinundu na una ncha inayoelekea nyuma. Utauona kwa baadhi ya kienyeji na kwa machotara wao. Jeni inayouleta ina nguvu, hivyo nakala moja inatosha kuuonyesha. Jogoo mwenye nakala moja hana shida. Mwenye nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, mbegu zake huwa hazina mwendo mzuri, na mitetea wakipandwa pia na jogoo mwingine, mbegu zake hushindwa. Wafugaji waliliona hilo tangu zamani, na mwaka 2012 watafiti walionyesha sababu: kipande cha kromosomu ya 7 kimepinduliwa, na pale kilipokatikia jeni nyingine inayohusika na mwendo wa mbegu imeharibika.

Utamtambuaje mwenye nakala mbili? Mpe mitetea wenye upanga wa meno. Vifaranga wote wakitoka na upanga bapa, ana mbili. Wakigawanyika nusu kwa nusu, ana moja, na unaweza kumweka. Mimi ningechagua majogoo wenye upanga wa meno tangu mwanzo, nikaepuka hesabu hizo.

Kiinitete kinachokufa siku za kwanza

Hapa tochi inaonyesha pete ya damu, au ukipasua unakuta ule utando. Anza na hifadhi, kwa sababu ndiyo inayokosewa zaidi. Mayai yaliyokaa zaidi ya siku saba hupungua nguvu kila siku inayoongezeka, na yaliyowekwa jikoni kwenye joto huanza kukua kidogo kisha hufa. Yaweke mahali penye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18. Ukiyaleta kwa bodaboda kwenye barabara mbovu, yaache yatulie kabla ya kuyaingiza.

Ukishajiridhisha na hayo, tafuta umbo la hasara. Ikiwa kwa jozi fulani ya wazazi karibu robo ya mayai yaliyorutubishwa yanafia kwenye siku ya tatu au ya nne, na wazazi wote wawili ni wale wafupi sana wa miguu wanaotembea karibu na ardhi, umepata jibu. Jeni ya ufupi huo ikikutana mara mbili kwenye kiinitete kimoja humuua. Robo hufa, na kwa wanaobaki thuluthi mbili huwa wafupi tena, hivyo mfugaji huendelea kuamini kwamba ana ukoo mzuri. Mwoanishe mfupi na mwenye miguu ya kawaida na vifo hivyo vitakoma.

Vifo visivyo na umbo, vilivyosambaa katika siku zote, hasa kwa vifaranga wa ndugu na ndugu, ni habari ya udugu wa damu. Nitaifikia.

Waliokamilika wakashindwa kutoka

Mara nyingi hii ni mashine: joto lisilotulia, unyevu mdogo siku tatu za mwisho, stima kupotea usiku. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mayai hupoteza maji haraka, kwa hiyo fungua matundu ya hewa na uongeze maji. Mayai yaliyotoka kwa kuku wa pwani huathirika zaidi na mwinuko huu kuliko ya kuku waliozoea hapa. Upande wa damu, angalia hili: ukubwa wa yai unarithika sana, na anayechagua mayai makubwa kupita kiasi kila msimu ataishia na mayai yanayoangua vibaya. Chagua ya wastani.

Viini viwili, maganda laini, kuku anayetaga ovyo

Mtetea wa aina ya broila akila anavyotaka, hanenepi tu. Ovari yake inachangamka kupita kiasi. Kwa kawaida viini vikubwa 6 hadi 8 hupangana kwa ukubwa, kimoja hukomaa kwa zamu yake. Kwa aliyeshiba kupita kiasi viwili vitatu hukomaa pamoja. Matokeo ni yai la viini viwili, yai lisilo na ganda lililoangushwa usiku, kiini kinachodondokea tumboni na kuleta uvimbe, mayai mawili siku moja kisha mapumziko marefu. Ukiona hayo, mshike na umpime kabla ya kusema ni ugonjwa. Maganda yakiharibika ghafla kwa kundi zima pamoja na kukohoa, hapo ni maradhi ya njia ya hewa, mwite daktari.

Kampuni huzuia hali hiyo kwa kuwapimia wazazi chakula tangu utotoni. Katika ukuaji hupewa kati ya robo na nusu ya kile ambacho wangekula wenyewe. Inafanya kazi, lakini kuku hawa huishi na njaa, na jambo hilo linaniumiza. Ndiyo sababu siwashauri wafugaji wadogo wabakize broila kuwa wazazi. Ufaransa walichukua njia nyingine: waliingiza kwa akina mama jeni ya udogo wa mwili iliyo kwenye kromosomu ya jinsia. Mtetea anahitaji nakala moja tu ili awe mdogo kwa karibu thuluthi, anakula kidogo, anataga mayai mazima zaidi, na akipandwa na jogoo wa kawaida vifaranga wanakua karibu kama kawaida. Hii ni tofauti na ile jeni ya miguu mifupi, hii haiui.

Mayai machache

Mtetea mzazi wa broila aliyetunzwa vizuri hutaga mayai kama 150 hadi 180 hadi anapofikisha wiki 60 na kitu. Usimlinganishe na kuku wa mayai anayepita 300 kwa mwaka.

Akitaga chini sana ya hapo, hesabu kwanza saa za mwanga. Tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, na mtetea mzito anataka saa 14 hadi 16 akishafika umri wa kutaga. Balbu moja yenye kipima saa, ikiwaka alfajiri, hubadilisha mengi. Kisha angalia wanaolalia mayai. Tabia ya kulalia inarithika, na mtetea anayelalia mara kwa mara hataacha binti wanaotaga mfululizo.

Kuchagua kwa ajili ya mayai kunataka subira, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Tuseme kundi lako lina wastani wa mayai 140 kwa mwaka, na unabakiza mitetea wenye wastani wa 170. Wamezidi kwa 30. Lakini idadi ya mayai hurithika kwa kiasi kidogo. Tuchukue sehemu 0.2, yaani moja ya tano tu ya kilichozidi ndiyo hupita kwa watoto. Ukiwachagua mitetea peke yao, majogoo wakiwa wa bahati nasibu, kizazi kijacho kinaongezeka mayai 3 tu, kwa sababu nusu ya damu haikuchaguliwa. Ukitumia majogoo ambao mama zao nao walizidi kwa 30, unapata 4 na nusu, kwa kuwa jogoo hubeba nusu tu ya damu ya mama yake. Linganisha na uzito, unaorithika kwa 0.4 hivi: wazazi wote wawili wakizidi kwa gramu 500, watoto huongezeka gramu 200 kwa kizazi kimoja. Hapo ndipo mizani inapowateka watu.

Jogoo hatagi, hivyo kadi yake ni mama yake na dada zake. Uwezo wa kurutubisha na kuangua hurithika kwa kiasi kidogo zaidi, mara nyingi karibu 0.1, na kwa sifa kama hizo kumtazama kuku mmoja mmoja hakusaidii sana. Chagua familia. Chumba ambacho dada wote wanataga vizuri na mayai yao yanaangua ndicho kitoe jogoo, hata kama si mzito kuliko wote. Weka kiwango cha chini cha uzito ambacho soko lako linakubali, na kwa wote waliokivuka sahau mizani, shika daftari.

Kila kizazi kinazidi kuharibika

Uliza kwanza wazazi walikuwa nani. Broila wa dukani, Kuroiler aliyeanzia India, Sasso wa Ufaransa, wote ni machotara wa koo kadhaa. Ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, watoto hutawanyika: mmoja mkubwa, mwingine mdogo, mmoja anataga, mwingine hatagi. Nguvu ya uchotara inapungua kizazi cha kwanza tu. Huwezi kuirudisha kwa chakula. Kwa anayetaka kundi la kujizalisha, kienyeji walioboreshwa wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kituo cha Naivasha, ni mwanzo bora zaidi.

Kama walianza vizuri na sasa wanashuka, hesabu majogoo. Jogoo mmoja na mitetea 10, kundi likifungwa bila damu mpya, huongeza udugu wa damu kwa karibu asilimia 14 kila kizazi. Majogoo wawili na mitetea 20, karibu 7. Majogoo watano na mitetea 50, chini ya 3. Kuongeza mitetea hakusaidii sana. Idadi ya majogoo ndiyo inayoamua. Baba kwa binti, au ndugu wa tumbo moja, huzaa watoto wenye asilimia 25 kwa mkupuo mmoja, na uanguaji ndio hudhurika mapema kuliko sifa nyingi. Njia rahisi ya kujikinga ni vyumba vitatu au vinne: binti hubaki chumba cha mama yao, na kila kizazi majogoo huhamia chumba kinachofuata, mzunguko mmoja, bila kurudi nyuma.

Siku ikifika ya kununua damu mpya, nunua kwa mtu mwenye kumbukumbu za mayai, na umtenge jogoo huyo wiki kadhaa. Kabla hajagusa mtetea apimwe damu kwa ugonjwa wa pullorum, ule unaowaharisha vifaranga kinyesi cheupe, kwa kuwa hupita ndani ya yai na vifo vyake hufanana na vya udugu wa damu. Maabara ya mifugo ya serikali iliyoko Kabete inaweza kukuelekeza. Akishaingia chumbani, endelea kuandika herufi kwenye mayai kama kawaida, ila ya wiki tatu za kwanza yauze ya kula.